Hatua Tisa Kutoka Makaburini

Mkutano wa tatu ulivunjika kama ile miwili iliyotangulia: watu hawakutimia. Mize alihesabu vichwa vya waliokuwamo darasani kutoka kwenye dawati alilokalia, mara ya kwanza saa tisa alasiri, mara ya pili saa kumi, na mara zote mbili alipata thelathini na sita, akijihesabu na yeye mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abeid, alifunga daftari la mahudhurio akavua miwani.

"Akidi haijafika," alisema. "Sheria ni sheria, mwanangu. Bila watu mia na ishirini siwezi kupitisha hata jina la mbuzi."

Watu wachache wakacheka. Mize hakucheka. Alikuwa na karatasi yake mkononi, imelainika kwa jasho.

"Mwenyekiti, basi niruhusu nisome vipimo tu, viingie kwenye kumbukumbu."

"Kumbukumbu za mkutano ambao haukufanyika?" Mzee Abeid aliuliza, wala hakuuliza kwa ubaya. Alionekana amechoka pia. "Nenda nyumbani, Mize. Mwezi ujao tutaita tena."

Vipimo vyenyewe havikuwa virefu. Miaka miwili nyuma, vijana kumi na tisa wa Kidundani walikaa katika darasa hilohilo wakaunda umoja wao, wakamchagua Mize, fundi cherehani wa miaka ishirini na moja, awe katibu kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Kazi waliyojipa ya kwanza ilikuwa kupima ufuo. Bamvua kubwa ikifika, maji yakijaa mpaka mwisho wake, walitembea kutoka kaburi la mwisho la makaburi ya kijiji hadi pale maji yalipokoma. Mwaka wa kwanza walipata hatua thelathini na moja. Mwaka wa pili, kumi na nane. Mwezi huu, tisa.

Sababu haikuwa siri. Lori la bluu lilikuja mara tatu kwa juma kutoka mjini Kilindoni kuchota mchanga wa kujengea, likaacha mashimo ambayo mawimbi yaliyatumia kama mlango. Tangu mwaka jana mchanga huohuo ulijenga pia zahanati ya kijiji, na hapo ndipo maneno ya vijana yalipoanza kuwa magumu kumezeka. Wazee wa Kidundani walikuwa wakisimulia habari za Kisimani, mji ulioliwa na bahari, kama watu wanavyosimulia habari za msiba wa mbali: kwa masikitiko, lakini bila kudhani kwamba zamu yao inakuja.

Umoja sasa ulikuwa umebaki na watu wanne. Wawili walikwenda Dar es Salaam, mmoja aliolewa Jibondo, kadhaa walipata kazi kwenye hoteli za Utende, na wengine walichoka tu, mmoja mmoja, bila kuaga.

Miongoni mwa wanne hao alikuwamo Hadi, ambaye hata mwenyeji wa Kidundani hakuwa. Baba yake, Anwarali, alikuwa na duka la saruji na mabati Kilindoni, na Hadi alijiunga na umoja baada ya kuja siku moja kuleta saruji ya zahanati akawakuta wanapima. Tangu hapo baba yake alimwuliza kila juma kama anajua saruji huchanganywa na nini. Hadi alikuwa akijibu kwamba anajua.

Siku ile ya mkutano wa tatu alimsindikiza Mize, akisukuma pikipiki yake kwa mkono.

"Tujaribu mwezi ujao," alisema.

"Mwezi ujao tufanye nini, Hadi? Tupite tena nyumba kwa nyumba, watuambie tena inshaallah? Inshaallah ya hapa kwetu ni hapana yenye adabu."

"Sasa tuache?"

Mize aliikunja ile karatasi mara nne, akaendelea kutembea.

Nyumbani alimkuta bibi yake, Bi Biubwa, akipepeta mchele ukumbini, na kaka yake, Mansuri, akinawa miguu kwenye ndoo nje ya mlango. Mansuri alikuwa na miaka ishirini na sita. Ndiye aliyewalisha. Alikuwa mmoja wa vijana wanne waliopakia lori la bluu kwa sepetu, na kila jioni mchanga ulimtoka masikioni na kwenye nywele, ukabaki juu ya mto wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamekuja watu?"

"Hawakuja."

Mansuri alimwaga maji ya ndoo polepole. "Nilikuambia," alisema.

"Ulikuwa unapakia, kaka. Ungekuja wewe na wenzako watatu, wangekuwa arobaini."

"Arobaini nao wangetosha?" Alikaa kwenye kizingiti. "Sikiliza, Mize. Nikiweka chini sepetu mimi, ataiokota Faraja. Akiiweka Faraja, watakuja watu wa Kilindoni na zao. Mchanga utaondoka vilevile, ila humu ndani tutakula vipimo vyako. Na hiyo zahanati, hutaki iishe? Wewe, katika watu wote?"

Hapo Bi Biubwa aliacha kupepeta. Mama yao, Mwanaharusi, alikufa miaka kumi na moja nyuma kwenye njia ya Kilindoni, juu ya mkokoteni, akiwa na uchungu wa kujifungua ambao ulianza usiku na haukuisha salama. Mansuri alikuwa na miaka kumi na mitano na ndiye aliyeuvuta mkokoteni. Mama alizikwa pamoja na mtoto wake mchanga katika yale makaburi ya pwani, safu ya pili kutoka baharini.

"Naitaka," Mize alisema. "Mchanga mwingine upo, kule mtoni. Nimeandika hilo pia."

"Wa mtoni uko mbali, lori halifiki. Umeandika hilo?"

Bi Biubwa alisema, "Basi. Kuleni."



Bamvua iliyofuata ilikuja na upepo, na maji hayakukoma kwenye hatua ya tisa. Jumamosi asubuhi wanawake waliokwenda kuokota kombe walirudi mbio bila vikapu vyao. Mwanamke wa mbele hakuweza kusema vizuri. Alishika kifua akarudia neno moja: limefunguka, limefunguka.

Ukingo wa ufuo ulikuwa umemeguka kama mkate. Makaburi matatu ya safu ya kwanza yalikuwa wazi upande wa baharini, na chini, kwenye mchanga uliolowa, ilikuwapo mifupa ambayo hakuna aliyetaka kuitazama wala aliyeweza kuacha kuitazama. Maalim Ally, imamu wa msikiti, alivua kilemba chake akaifunika. Kisha akasimama akiwa na kofia tu kichwani, na watu wote wa Kidundani nyuma yake. Walikuwa wengi kuliko mia na ishirini. Mize alihesabu bila kukusudia.

"Dharura huhalalisha lililokatazwa," Maalim Ally alisema mwishowe. "Tutawahamisha. Wote, kabla ya bamvua nyingine." Akageuka. "Wako wapi wale vijana wa mazingira?"

Mize alinyoosha mkono. Kwa miaka miwili alikuwa ameisubiri siku ambayo kijiji kizima kingewatafuta.

"Tunahitaji watu wa kuchimba," Maalim alisema.

Kazi ilichukua siku tatu. Shamba la minazi lililoko juu, kwenye udongo mwekundu, lilitolewa kuwa makaburi mapya. Wanaume waligawanyika, wengine wakafukua pwani, wengine wakachimba juu, wengine wakabeba. Mwanamke haendi makaburini kuzika, kwa hiyo Mize alidhani atabaki nyumbani kupika. Lakini asubuhi ya kwanza walifukua makaburi manne na tayari pakawa na ubishi ni nani walikuwa ndani yake, maana mawe ya vichwani hayakuandikwa, na mengine yalikuwa matumbawe tu yaliyosimamishwa. Mzee Abeid akaja mwenyewe hadi kwa Bi Biubwa.

"Mama, wewe unawajua."

"Nawajua," Bi Biubwa alisema. "Lakini sijui kuandika."

Basi walitandika mkeka nje ya uzio wa makaburi, chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne. Bi Biubwa alikaa akielekea baharini, na Mize ubavuni mwake na daftari la umoja, akaanza ukurasa mpya baada ya ule wa vipimo. Hadi alileta kutoka Kilindoni majora mawili ya bafta, kitambaa cheupe cha sanda, yaliyotolewa na mama yake, Gulnar. Mama huyo alituma pia salamu na ujumbe kwamba kitambaa kisikatwe kwa ubahili. Mize ndiye aliyekata. Alikuwa na mkasi wake wa kazi, ule mzito, na kila kipande alikipima kwa mkono akakikunja, kikaenda ndani kwa mikono ya wanaume.

"Wa tatu kutoka mti wa mkungu," mtu aliita kutoka ndani.

Bi Biubwa alifumba macho. "Huyo Kombo wa Mzee Shela. Alikuwa fundi wa mashua. Alifariki mwaka wa njaa ya mihogo. Mkewe yuko kushoto kwake. Mkimhamisha yeye mhamisheni na mke, walipendana."

Mize aliandika. Jina, baba, upande, kaburi jipya namba ngapi. Mkono ulimuuma kutoka begani hadi kidoleni. Mara kwa mara bibi alikosea akajisahihisha.

Yalikuwa makaburi arobaini na moja. Saba kati yake Bi Biubwa hakuyajua. Yalikuwa ya zamani mno, ya watu waliokufa kabla hajazaliwa au waliookotwa baharini.

"Niandike hajulikani?" Mize aliuliza.

"Usiandike hivyo. Andika mtu wa Kidundani."

Mansuri alikuja tangu siku ya kwanza na sepetu yake. Pamoja naye walikuja Faraja na wale wapakiaji wengine wawili, kwa sababu hakukuwa na mtu kijijini aliyejua mchanga ule kama wao. Walijua unapoporomoka, walijua namna ya kuuondoa bila kuuangusha. Mzee Abeid aliwaweka kwenye safu za mbele. Hakuna aliyewaambia neno. Dereva wa lori hakuja siku hizo tatu, nalo pia halikusemwa.

Siku ya pili, karibu na adhuhuri, waliifikia safu ya pili.

"Wa tano kutoka mkungu," sauti iliita, na ilikuwa sauti ya Mansuri mwenyewe. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa akiita kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyokuwa.

Bi Biubwa aliishika kanga yake kwa mikono miwili. "Mwanaharusi binti Haruni," alisema, kwa sauti ileile aliyowatajia wengine. "Mwanangu."

Mize alikata kitambaa. Alikata kirefu kuliko vyote alivyokata, kisha akaona haya, akakumbuka maneno ya Bi Gulnar, akakiacha hivyohivyo. Baada ya hapo alikata kingine, kidogo, kama cha kufutia uso. Alivikunja vyote viwili akavitoa.

Walingoja. Jua lilipenya kwenye matundu ya turubai na kuwachoma magotini. Ndani ya uzio sauti za sepetu zilikuwa zimekoma. Ilisikika sauti ya mikono tu, mchanga ukisukumwa na mikono. Ilichukua muda mrefu kuliko makaburi mengine. Mtu mmoja alisema, "Mansuri, inatosha." Kisha mtu huyohuyo akasema tena, taratibu zaidi, "Inatosha, ndugu yangu."

Jeneza lilipita juu, kuelekea kwenye minazi, watu wakipokezana. Mansuri hakulifuata. Alitoka kwenye uzio akaja hadi kwenye mkeka, akakaa kwenye mchanga pembeni yake asiuchafue. Kucha zake zilikuwa zimevunjika. Mkononi alikuwa na kile kitambaa kidogo, bado kimekunjwa.

"Mama nimempata," alisema. "Mtoto sikumwona. Nimetafuta, bibi. Nimechekecha mchanga wote kwa mikono."

"Alikuwa mdogo," Bi Biubwa alisema. "Yuko na mama yake."

"Nimechekecha wote."

"Najua, mwanangu."

Mize alikuwa na maneno mengi ya kumwambia kaka yake. Alikuwa ameyatunza miaka miwili, mengine akiyasema peke yake mbele ya cherehani. Sasa aliyatafuta asione hata moja ambalo lilikuwa na faida. Alichukua kibuyu cha maji akampa. Mansuri akanywa, akakirudisha, akainuka, akaingia tena ndani ya uzio, maana safu ya pili ilikuwa bado na makaburi sita.

Mkutano wa nne uliitwa juma lililofuata. Walikuja watu mia mbili na kitu. Wengine walisimama madirishani. Mzee Abeid hakumaliza hata kusoma ajenda. Mikono iliinuliwa, na uchimbaji wa mchanga ukapigwa marufuku katika ufuo wote wa Kidundani, mara moja. Mzee Abeid alisema kwamba vijana walikuwa wameliona jambo hili mapema na kijiji kinawashukuru. Watu walipiga makofi. Hadi alimtazama Mize huku akitabasamu, akitaka naye atabasamu. Mize alijaribu. Alijikuta anafikiria kwamba mikono hiyohiyo ingeweza kuinuliwa mwezi uliopita, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu mbaya.

Alirudi nyumbani akalala hadi kesho yake saa nne.

Ujenzi wa zahanati ulikwama kwenye usawa wa madirisha. Mkandarasi alisema mchanga wa mtoni utachukua muda, barabara yenyewe lazima ichongwe kwanza. Lori la bluu lilihamia kijiji cha pili, Magombani, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Na Mansuri, baada ya kukaa nyumbani siku kumi na tatu akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika, alichukua sepetu yake akaenda huko.

Mize alimkuta asubuhi akifunga chakula kwenye kitambaa.

"Huko nako ni pwani, kaka."

"Makaburi yao yako juu. Nimeuliza kwanza." Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga upya. "Sina kazi nyingine, Mize. Kama unayo niambie."



Siku chache baadaye Mize alipigiwa simu na msichana asiyemfahamu. Alijitambulisha kuwa anaitwa Shamsa, wa Magombani. Alisema wako vijana ishirini na wawili, wamesikia habari za Kidundani, wanataka kuunda umoja wao, wanaomba Dada Mize aje awaelekeze. Sauti yake ilikuwa na furaha, na ilimchosha Mize kuisikia tu. Alisema ana nguo za watu za kushona. Shamsa akapiga tena juma lililofuata, na Mize akasema ana homa. Mara ya tatu Shamsa hakuomba kitu. Alisema tu kwamba wameanza kupima kwa hatua, na wamepata sitini na mbili, je hiyo ni nyingi au ni kidogo?

"Kwa sasa ni nyingi," Mize alisema. Akaweka mkasi chini. "Mnakutana lini?"

Alikwenda siku ya Alhamisi, Hadi akimpeleka kwa pikipiki na kuendelea na safari zake. Katika wale ishirini na wawili walikuja kumi na wawili. Shamsa, msichana mfupi mwenye miwani, aliomba radhi mara tatu kwa wale waliokosekana, na Mize akamwambia kumi na wawili si haba. Hakuwapa hotuba. Aliwaeleza namna ya kuandika barua, nani apewe nakala, kwa nini wasiitishe mkutano siku ya gulio. Aliwaambia watapungua, na kwamba wakipungua wasichukiane. Kijana mmoja aliuliza ilikuwaje hata Kidundani wakashinda.

"Hatukushinda," Mize alisema. "Bahari ilitutangulia. Nyinyi mna hatua sitini na mbili."

Kijana yule aliandika jambo hilo kwenye daftari lake. Mize alimtazama anavyoandika, kwa uangalifu, ulimi ukiwa kwenye pembe ya mdomo.

Walipomaliza ilikuwa saa kumi jioni, na Hadi alipiga simu kusema tairi limempasukia karibu na Kilindoni, hawezi kufika. Hapakuwa na usafiri mwingine. Mize aliteremka hadi ufuoni. Lori la bluu lilikuwa limesimama pale, limejaa nusu, na Mansuri na wenzake walikuwa wakirusha mchanga kwa mdundo mmoja. Kaka yake alimwona, akaacha kidogo.

"Umekuja kutufukuza?"

"Nimekuja kuomba lifti. Lakini hawa wa hapa watakuja kuwafukuza, si leo."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

Mansuri aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa umri wa mtoto wa jirani. "Umekula?"

"Bado."

Alimwonyesha kile kitambaa kilichofungwa fundo, juu ya jiwe. Ndani mlikuwa na mhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki. Mize alikaa kwenye kivuli cha lori akala, akamwachia nusu. Juu yake mchanga ulianguka ndani ya bodi, sepetu baada ya sepetu, hadi dereva akasema panatosha. Kwenye chumba cha dereva hapakuwa na nafasi. Mansuri alimpa mkono akamvuta juu, na wakarudi Kidundani wawili hao wamekaa juu ya mchanga, ukiwa bado na unyevu, kila mmoja akijishikiza kwenye ubao wa upande wake.